Waliachana kwa Simu, Mama Zao Wakakataa

Vijana wa ofisi za mawakili hapa Shanzu bado hunipigia simu, ingawa nimestaafu na siku hizi kazi yangu ni kuku na mchicha. Hunipigia kwa jambo moja kuliko mengine yote. "Mama Jumwa, kuna mtu yuko ng'ambo ataka kuachana na mkewe. Wamekubaliana. Twaanzia wapi?" Huwaambia waanzie kwenye cheti cha ndoa. Na kila nikitaja cheti cha ndoa nawaona kina mama wawili wakipanda ngazi za ofisi yetu, mmoja amekikumbatia kifuani kikiwa ndani ya fremu ya kioo.

Nyinyi mnaoanza kazi, utaratibu mtafundishwa na wengine. Hili la kina mama wawili ni nani atawafundisha? Ngoja niwasimulie, na mnisamehe nikirukaruka, kwa sababu mimi mwenyewe hadi leo sijamaliza kushtuka.

Nilipoingia kazi hii ya ukarani wa wakili, talaka ilikuwa na sauti. Watu walianza kugombana kule chini mbele ya duka la mabati, wakagombana ngazini, na wakifika mezani kwangu washamaliza matusi wamebaki na machozi. Mzee Fondo, karani aliyenitangulia na aliyenifundisha kazi, alikuwa na kanuni yake: wanaoachana usiwaketishe benchi moja, na usiwape chai ya moto. Nilidhani ni mzaha mpaka aliponionyesha kovu la mkononi. Nimewahi kumwona mwanamke akija na mlango, mlango mzima wa mbao umebebwa na mkokoteni, amwonyeshe wakili mahali mumewe alipopiga teke. Tukauegemeza ukutani, ukakaa pale mpaka kesi ikaisha.

Kisha mahakama zikahamia kwenye kompyuta, na watu wetu wakahamia Uarabuni na Ulaya, na mambo hayo mawili yakaja kukutana mezani kwangu. Ikawa mtu anaachwa akiwa zamu ya kazi. Bwana mmoja alijiunga na kesi yake kutoka Dubai akiwa kwenye kiti cha kinyozi, povu jeupe mpaka masikioni. Hakimu akamuuliza, "Huyo aliye nyuma yako ni nani?" Akajibu kwa adabu zote, "Ni kinyozi wangu, Mheshimiwa, hajui Kiswahili." Kesi ikaahirishwa. Tangu siku hiyo kila mteja wa mbali nikawa namfanyisha mazoezi kabla ya kusikizwa. Akae chumba chenye mlango. Azungushe simu polepole nione kuta zote nne, kwa sababu hakimu atataka kujua kama kuna mtu anayemnong'oneza majibu. Na kama yuko Ujerumani, muulize saa yake ni ngapi, usipige hesabu kichwani, maana wenzetu hao hubadilisha saa zao mara mbili kwa mwaka na wewe utabaki ukimngoja mtu ambaye bado yuko kwenye basi.

Nilidhani basi nimeshaona talaka za kila rangi. Ndipo akanipigia Sidi.

Ilikuwa asubuhi, ndiyo kwanza nafungua madirisha. Sidi ni binti wa Kigiriama, mzaliwa wa Mtopanga, na wakati huo alikuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee huko Ujerumani.

"Shikamoo mama. Nataka kuachana na mume wangu. Yeye amekubali."

"Marahaba. Mumeo yuko wapi?"

"Yuko Qatar, ni mlinzi. Nimempa nambari yako. Atakupigia akitoka lindoni."

Kweli, alasiri akapiga. Aliitwa Mutua, mtoto wa Wakamba waliohamia Mombasa zamani, amezaliwa na kulelewa Ziwa la Ng'ombe, na Kiswahili chake ni chetu kabisa. Nilijiandaa kusikia upande wake wa ugomvi. Akaniambia hivi: "Mama, nakuomba usimsumbue sana Sidi na makaratasi. Kazi yake ni ya kuinua watu wazima, mgongo wamuuma. Yale ninayoweza kuyafanya mimi, nipe mimi."

Nikaitazama simu. "Mwanangu," nikamwambia, "wewe ndiye unayeachwa?"

"Haniachi mtu, mama. Twaachana."

Wakafungua grupu kwenye simu, watu watatu, wao wawili na mimi, wakaliita Mambo Yetu. Kila asubuhi nilikuta salamu. Umeamkaje. Baridi imepungua? Meza ile dawa ya mgongo. Kisha katikati ya salamu hizo, karatasi za talaka. Nikawa nazisoma nikimwangalia wakili wangu, Bwana Mwakio, kama mtu anayetaka kuambiwa kwamba macho yake ni mazima. Bwana Mwakio ni Mtaita mpole, ameshughulikia talaka nyingi kuliko harusi alizohudhuria, naye pia alikuwa akitikisa kichwa.

Sasa mnaoingia kazi hii shikeni neno hili: hapa kwetu, watu wa ndoa ya kanisani kukubaliana peke yake hakutoshi. Hakimu atauliza ndoa imevunjika kwa nini. Bwana Mwakio akawaweka wote wawili kwenye simu ya mezani, mimi niko na kalamu.

"Sidi, amewahi kukupiga?"

"Hapana."

"Amekutelekeza? Ameacha kumtunza mtoto?"

"Hajaacha hata mwezi mmoja."

"Mutua, mkeo amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

Bwana Mwakio akavua miwani. "Basi mimi nimwambie nini hakimu?"

Mutua akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayejitolea kubeba mzigo, "Andika nilimpiga."

Kalamu ilinidondoka. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimeona wanaume wakikana makofi ambayo alama zake tulikuwa tukiziona kwa macho. Sikuwahi kuona anayeomba aandikiwe kofi asilolipiga.

"Kijana," wakili akasema, "wataka niandike uongo, halafu wewe ukaulie kiapo?"

"Kama utamrahisishia yeye."

"Usiandike," Sidi akasema kutoka Ujerumani. "Hajawahi kunigusa hata kwa kidole. Karatasi hiyo itakaa, na Neema atakuja kuisoma siku moja."

Neema ni binti yao. Hapo ndipo walipotueleza, huyu akianza, yule akimalizia. Mutua aliondoka kwenda Qatar Neema akiwa tumboni, akaja likizo mara moja tu, mtoto ananyonya. Sidi naye akaondoka mtoto alipoanza kutembea. Tangu hapo likizo zao hazikuwahi kukutana. Huyu akipewa ruhusa, yule amenyimwa, na safari ikaahirishwa. Mtoto sasa yuko darasa la nne.

"Juzi alinipigia nikaiona sura yake," Sidi akasema. "Nikaona mtu ana mvi kwenye ndevu. Nikajiuliza, huyu mzee ni nani? Ni mume wangu."

"Mimi mkataba ukiisha narudi nyumbani," Mutua akasema. "Yeye harudi, amepata maisha huko. Simlaumu. Hatuna ugomvi, mama. Hatuna kitu."

Bwana Mwakio akavaa miwani yake, akasema basi hiyo ndiyo sababu, na sheria yaijua: watu wametengana zaidi ya miaka miwili, na ndoa haitengenezeki tena. Tukaandika hivyo, ukweli mtupu. Kila mmoja akaenda kula kiapo mbele ya afisa wa ubalozi wetu kule aliko. Hilo nalo mlishike, kwa sababu kuna mteja wetu aliwahi kuniletea hati ya kiapo iliyogongwa muhuri na mchungaji wake. Mchungaji mzuri, muhuri mzuri, watu wa masjala ya mahakama wakaicheka na kuirudisha. Na mlinganishe majina. Kwenye cheti cha ndoa alikuwa Sidi Charo, kwenye pasipoti ni Sidi Charo Mutua. Bila kiapo cha kueleza kwamba hao ni mtu mmoja, faili lenu litakaa masjala likiota vumbi.

Kikabaki cheti chenyewe, kile halisi. Nikauliza kwenye grupu kiko wapi. Sidi akajibu kiko nyumbani kwa kina mama, atamwambia mamake akilete.

Walikuja wote wawili. Nilisikia fimbo ikigonga ngazi, kisha akatokeza Mama Mutua, mama wa kijana, mnene, goti bovu, akihema. Nyuma yake Mama Sidi, mama wa binti, mwembamba na mwepesi, amemshika mwenzake kiwiko. Wamevaa kama watu wanaokwenda kanisani. Fremu ilikuwa kifuani mwa Mama Mutua. Upande mmoja picha ya harusi, upande wa pili cheti.

"Tulishindwa kukitoa," akasema, "tukaona tukibebe na kioo chake. Huwa kiko sebuleni."

"Sebuleni kwa nani?" nikauliza, maana nilidhani wale ni wakwe wanaotembeleana.

"Kwetu," wakajibu pamoja.

Wakaketi, wakanieleza. Sidi alipoondoka, Neema aliachwa kwa bibi yake Mkamba, katika nyumba aliyoijenga Mutua pale Ziwa la Ng'ombe. Goti likawa haliwezi kumkimbilia mtoto. Mama Sidi akaja kutoka Mtopanga amsaidie mkwe mwenzake, mpaka goti lipoe. Goti halikupoa. Akabaki. Wakawa wanapika chungu kimoja, wanalala chumba kimoja, mtoto katikati. Mama Mutua alikuwa ameshaanza kuota ndoto kwa Kigiriama, alisema, na Mama Sidi akacheka akifunika mdomo. Wakafungua mfuko wakaniwekea mezani bakuli la vitumbua.

"Haya mwanangu," akaniuliza Mama Sidi, "Mutua ataingia Ujerumani mwezi gani?"

Sikumwelewa.

"Sidi ametuambia wakili anatengeneza karatasi za familia, ndiyo maana zataka hiki cheti. Tukasema na mwenzangu, sasa mwishowe watalala nyumba moja."

Nilikuwa nimeshika kitumbua, nikakirudisha kwenye bakuli taratibu. Hawakujua. Watu wale walioulizana habari za dawa ya mgongo kila asubuhi, walioandikiana salamu za kupendeza kwenye grupu, hawakuwa wamemwambia mtu yeyote wa nyumbani neno lolote.

Kazi yetu ina miiko, na mwiko wa kwanza ni kwamba siri ya mteja si yako. Nikaomba radhi, nikaingia chumba cha mafaili, nikaandika kwenye grupu: "Mama zenu wako hapa wote wawili. Wanadhani mwaungana." Nikaona wamesoma. Muda ukapita. Mutua akaandika, "Mama Jumwa, tusaidie, waambie wewe." Chini yake Sidi, "Naomba, mama. Wewe ni mtu mzima, utajua maneno." Hata hilo walikuwa wamekubaliana.

Nikawaandikia kwamba mimi ni karani wa wakili, si mjumbe wa msiba, na kwamba nawapigia sasa hivi wote wawili na watapokea. Nikarudi, nikaisimamisha simu mezani, nimeiegemeza kwenye mashine ya kutobolea karatasi, sura mbili zikatokea. Kina mama wakafurahi. Mama Mutua akaanza kumsifu mkaza mwanawe kwamba amenenepa. Sidi akamkatiza.

"Mama. Mama Mutua. Mimi na Mutua twaachana."

Hawakupiga kelele. Mama Sidi aliisogelea simu kama mtu aliyedhani hakusikia vizuri. Mama Mutua ndiye aliyeuliza, na alimuuliza Sidi, si mwanawe.

"Amekufanya nini?"

"Hajanifanya kitu, mama."

Mama Sidi naye akamuuliza Mutua. "Mwanangu amekukosea nini?"

"Hajanikosea, mama. Ni mtu mzuri."

Wale wazee wawili wakatazamana. Kisha Mama Mutua akasema polepole, "Huyu hajakosewa. Huyu hajakosewa. Sasa mwaachana na nani?"

Mutua aliinamisha kichwa tukawa twaona kofia yake ya kazi tu. Mwishowe akasema, "Mwaitu, sisi hatujuani tena," na mwaitu ni mama kwa Kikamba. Sidi akalia, akasema mapumziko yake yamekwisha, akatoka.

Nilidhani watakibeba cheti chao warudi nacho. Badala yake Mama Mutua akaomba kisu. Nikashuka dukani nikaazima bisibisi. Akailaza fremu mapajani, akalegeza misumari mmoja mmoja, nikataka kumsaidia akaniondoa mkono. "Niliyekitia ni mimi," akasema. Akakitoa cheti akaniwekea mezani. Picha akaiacha ndani, akaifunga tena. Walipoondoka walisahau bakuli lao, na mimi sikuweza kula.

Tangu siku ile, mteja wa ng'ambo akinipigia, kabla ya kiapo na kabla ya ubalozi nilikuwa namuuliza kwanza: nyumbani nani anajua? Asiponijibu, faili halifunguliwi. Bwana Mwakio aliniachia kanuni hiyo, naye si mtu wa kuachia mambo.

Siku ya kusikizwa ilikuwa pale mahakama ya Shanzu, hakimu mwanamke, skrini ukutani. Sidi alikuwa kwenye chumba cha wafanyakazi, amevaa sare ya samawati. Mutua alikuwa bwenini kwa walinzi, vitanda vya ghorofa nyuma yake. Wote walionyesha kuta zao nne vizuri, nikajivunia. Kisha nikageuka, nikawaona kina mama kwenye benchi la nyuma. Hakuna aliyewaita. Walitaka kusikia kwa masikio yao.

Hakimu akawauliza maswali, nao wakajibu bila kutupiana lawama hata moja, mpaka karani wa mahakama akanitazama kama kuniuliza hawa nimewatoa wapi. Hakimu akafika kwenye habari za mtoto. Mambo ya mtoto yana njia yake mahakamani, lakini hakimu mwema huuliza.

"Mtoto anakaa na nani?"

"Na mama," akasema Sidi.

"Mama yako?"

"Na mama yangu pia, Mheshimiwa," akasema Mutua. "Wako wawili. Wanaishi pamoja."

Hakimu akainua macho. "Wako hapa?"

Wakasimama, Mama Mutua akiinuka kwa taabu. Hakimu akawasalimu shikamoo, mahakamani mle ndani, na si kitu mnachokiona kila siku. Akawauliza mtoto anaendeleaje, wakamweleza kuhusu masomo na jino lililong'oka. Kisha Mama Mutua akaomba kuuliza neno.

"Mheshimiwa, hawa wakishaachana, na sisi twaachana?"

Hakimu akaiweka kalamu chini.

"Mama," akasema, "mimi nina majina mawili tu mbele yangu. Yenu siyaoni."

"Asante," akasema Mama Mutua, akaketi kama mtu aliyeshinda kesi.

Uamuzi ulisomwa siku ileile, ingawa msitarajie hivyo kila mara. Ndoa imevunjika. Hiyo ni amri ya kwanza tu, ya mwisho huja baadaye, na kabla haijaja mwambie mteja wako asipange harusi nyingine. Sidi na Mutua wakasema asante. Mutua akaongeza, "Sidi, pole." Sidi akasema, "Na wewe pole." Kisha zikabaki nafasi mbili nyeusi ukutani.

Mama Sidi akanivuta mkono. "Wameenda wapi?"

"Wamekata simu, mama."

"Hivyo tu?"

Nimeona watu wakizimia mahakamani, nimeona mtu akimrushia mwenzake kiatu mbele ya hakimu, lakini hakuna kilichonishtua kama ule upole.

Miezi ikapita. Mkataba wa Mutua ukaisha. Kabla hajarudi alimpigia mamake, akamwambia kwamba ataitaka nyumba, kwamba huenda akajaaliwa kuoa tena, na kwamba Mama Sidi amefanya kazi kubwa, sasa akapumzike kwao. Aliyasema kwa heshima, nina hakika, alikuwa hawezi kusema kwa namna nyingine. Mamake akamjibu, "Sawa." Alipofika Ziwa la Ng'ombe akakuta nyumba imefagiwa, vyombo vimeoshwa, ufunguo uko kwa jirani, na hakuna mtu. Kina mama walikuwa wamehamia Mtopanga, vyumba viwili vya kupanga, wao na Neema. Sidi aliulizwa kwa simu, akaridhia mtoto abaki na bibi zake wote wawili.

Haya niliyasikia kwa Mutua mwenyewe alipokuja kuchukua amri ya mwisho. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona mwili mzima. Alikuwa mtu mrefu sana, alilazimika kuinama mlangoni. Nikampa karatasi yake akaikunja bila kuisoma.

"Mama Jumwa, kuna sheria ya kumrudisha mama nyumbani?"

"Mama yako si ng'ombe aliyepotea. Umezungumza naye?"

"Kila siku. Nampigia. Asema yuko salama na mkwe mwenzake, na kwamba aliyeachana na Sidi ni mimi, si yeye."

"Uko hapa tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii."

"Na Neema anasemaje?"

"Hajambo. Ananionyesha madaftari yake."

"Anakuonyesha vipi?"

Akanitazama kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Kwa video, mama."

Kutoka Ziwa la Ng'ombe hadi Mtopanga mtu hupeleka mchuzi ukafika ungali moto. Na huyu alikuwa amekaa pale wiki tatu akimtazama mwanawe kwenye simu, na jambo lililonitisha ni kwamba hakuwa akiona ajabu yoyote. Hakuwa baba mbaya. Alikuwa amefanya ubaba wake wote kwa njia ile, na njia nyingine hakuijua.

"Mutua," nikamwambia, "inuka uende."

"Hawajaniita."

"Nenda hivyo hivyo."

"Nitawaambia nini?"

Hapo ndipo nilipoona kwamba anaogopa, mtu mzima yule aliyelinda majengo ya watu miaka yote ile. Nikamwambia sijui atasema nini, nami kweli sikujua. Akainuka, akainama tena mlangoni akatoka.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Mama Sidi, tulipokutana sokoni Kongowea. Walikuwa wamekaa nje wanachambua mchicha. Mama Mutua akamwona mwanawe akija, akamwacha afike, asimame, asalimu. Hakujibu salamu. Alimtazama kuanzia chini kwenda juu, kisha akasema, "Kumbe una miguu."

Mama Sidi ndiye aliyeingia kuleta kiti, maana, aliniambia, mkwe ni mkwe, hata ukwe ukiwa umekwisha. Aliporudi, Neema alikuwa ametoka na sare yake ya shule, amesimama nyuma ya fimbo ya bibi yake, ameinua kichwa mpaka shingo imepinda. Walikuwa wamezungumza asubuhi ileile, yeye na babake, kuhusu hesabu za kugawanya.

"Bibi," mtoto akasema, "sikujua baba ni mrefu."

Mutua hakuketi kwenye kile kiti. Alichuchumaa pale uani, kwenye maganda na mizizi ya mchicha, mpaka wakalingana.